Pentium Mbili na Mbio za Gigahezi

Tarehe 12 Machi 2003, kampuni ya Intel ilileta sokoni prosesa mpya ya laptopu iliyokuwa na tatizo moja la aibu: namba yake ilikuwa ndogo. Iliitwa Pentium M, na ile ya kasi zaidi katika kundi la kwanza ilikuwa na gigahezi 1.6. Kwenye rafu hiyo hiyo ya duka, hatua mbili pembeni, kulikuwa na laptopu zenye Pentium 4-M, chipu ya kampuni hiyo hiyo, zikijivunia gigahezi 2.4. Sasa wewe ni mteja, umesimama pale na pesa zako mfukoni. Muuzaji anakuambia hii ya 1.6 ndiyo mpya na ndiyo nzuri. Si utadhani anakuchezea shere?

Lakini alikuwa anasema kweli. Na ukweli huo ulikuja kuwagharimu Intel kuliko walivyotarajia, kwa sababu ni wao wenyewe waliokuwa wamemfundisha mteja kuhesabu gigahezi.

Hadithi ya prosesa hizi mbili imenikaa kichwani kwa muda mrefu. Wengi wetu tunajua historia ya kompyuta kama orodha ya ushindi: mwaka huu kasi hii, mwaka ujao kasi ile, kila kitu kikipanda. Hii ni hadithi ya wakati ambapo kupanda kulifika mwisho, na waliokuwa wamejiandaa ni wale waliokuwa wamepewa kazi isiyo na sifa. Tena swali lake halijaisha. Linaulizwa kila siku Luthuli Avenue na Moi Avenue, kwenye maduka ambamo laptopu za mtumba, zile tunaziita "ex-UK", zimepangwa kama vitabu, kila moja na stika yake, kila stika na namba yake.

Tuanze na namba yenyewe. Gigahezi moja ni mipigo bilioni moja kwa sekunde. Ndani ya kila prosesa mna saa, lakini si ya kusoma muda. Ni ya kupiga mdundo, kama mpiga ngoma anavyowapa wachezaji mwendo. Kila mpigo, chipu inasogeza kazi hatua moja mbele. Namba hiyo inakuambia hatua ni ngapi. Haikuambii kila hatua ni ndefu kiasi gani. Mtu mzima na mtoto wa miaka mitatu wakishikana mikono kutoka Odeon hadi Kencom, mtoto atapiga hatua nyingi zaidi, na watafika pamoja. Tofauti ni kwamba mmoja atafika akihema.

Kila injinia wa chipu alilijua jambo hili. Ila namba moja ni rahisi kuuza kuliko maelezo, na mwanzoni mwa mwaka 2000 namba ndiyo iliyokuwa habari. Tarehe 6 Machi mwaka huo, AMD ilitangaza Athlon ya gigahezi moja. Intel ikajibu na Pentium III ya gigahezi moja tarehe 8 Machi. Siku mbili tu! Mpinzani mdogo alikuwa amempita mkubwa kwenye utepe, na dunia nzima ikaona.

Novemba 2000 Intel ikaja na Pentium 4. Ilianza na gigahezi 1.4 na 1.5, ikafika 2 mnamo Agosti 2001, na ilipofika Novemba 2002 ilikuwa 3.06. Kwa miaka miwili tu namba imekuwa maradufu. Ukitazama grafu hiyo unaweza kuelewa kwa nini ndani ya Intel watu walizungumza juu ya usanifu huo kufika gigahezi 10. Lakini majarida yaliyoipima Pentium 4 ya kwanza yaliona kitu cha ajabu: kwa programu kadhaa za kawaida, ile ya 1.5 ilishindwa na Pentium III ya gigahezi moja. Chipu mpya, yenye mipigo nusu tena zaidi, inapitwa na kaka yake mkubwa. Kwani kulikuwa na nini ndani?

Fikiria kibanda cha chapati. Mtu mmoja akifanya kila kitu, yaani kukanda, kukata, kusukuma, kukaanga, kila chapati itachukua muda. Sasa weka watu kumi kwenye mstari, kila mmoja na kazi ndogo. Unga unaingia upande mmoja, chapati zinatoka upande wa pili, na kwa sababu kila kazi ni ndogo, mstari wote unaweza kwenda kwa mdundo wa haraka. Prosesa hufanya hivyo hivyo. Pentium III ilikuwa na hatua kama kumi kwenye mstari wake. Pentium 4 iligawa kazi ikawa hatua 20. Kila hatua ikawa ndogo sana, hivyo saa ikaweza kupiga haraka sana. Hapo ndipo gigahezi zote zile zilikotoka.

Shida inakuja mteja akibadilisha mawazo. Programu za kompyuta zimejaa njia panda: ikiwa hivi fanya hili, ikiwa vile fanya lile. Prosesa haiwezi kungoja jibu, kwa hiyo inakisia. Ni kama mama wa kibanda anayekuona ukivuka barabara na kuanza kukupakulia madondo kabla hujaagiza. Akikisia sawa, unakula haraka. Akikosea, kilichopakuliwa kinarudishwa na kazi inaanza upya. Mstari ukiwa na watu kumi, umepoteza kazi ya watu kumi. Ukiwa na 20, umepoteza ya 20. Na kila kazi iliyotupwa ilikuwa imekula umeme.

Washindani walijaribu kupiga kelele. Julai 2001, kwenye maonyesho ya Macworld jijini New York, Apple ilitumia muda jukwaani kueleza kwamba megahezi ni kipimo kinachopotosha. Oktoba mwaka huo AMD iliacha kabisa kuweka gigahezi kwenye jina: Athlon XP 1800+ kwa kweli ilikuwa na gigahezi 1.53, na ile 1800 ilikuwa njia ya kumwambia mteja, usitazame saa, tazama kazi. Wengine waliona ni visingizio vya walioachwa nyuma. Na kwa kompyuta ya mezani, Intel ingeweza kuendelea kuwapuuza. Kompyuta ya mezani imechomekwa ukutani. Ina feni kubwa. Ikipata joto, unaongeza feni.

Laptopu haina ukuta. Ina betri, na betri haijali matangazo.

Machi 2002 Intel ilileta Pentium 4-M, yaani Pentium 4 iliyopunguzwa ukali ili iingie kwenye laptopu. Ile ya gigahezi 2.4 ilipangiwa joto la wati 35. Namba hiyo ya wati ndiyo wabunifu wa laptopu hutumia kuamua bomba la shaba liwe nene kiasi gani, feni iwe kubwa kiasi gani, na mwishowe wewe ubebe uzito gani begani. Waliotaka bei nafuu waliingiza hata Pentium 4 za mezani kwenye laptopu. Mashine hizo zilifanya kazi, lakini zilikuwa nzito, zilivuma, na kuziweka mapajani ilikuwa kama kupakata jiko.

Wakati huo huo, mbali na makao makuu ya Santa Clara, kulikuwa na timu iliyokuwa imepoteza kazi yake. Intel ilifungua kituo cha ubunifu Haifa, Israel, mwaka 1974, cha kwanza nje ya Marekani. Kituo hicho ndicho kilichobuni 8088, chipu iliyoingia kwenye IBM PC ya mwaka 1981. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wahandisi wa Haifa walikuwa wakitengeneza Timna, prosesa ya kompyuta za bei rahisi. Mwaka 2000, mradi ukiwa karibu kukamilika, Intel iliufuta. Miaka ya kazi ikaingia kabatini.

Timu ikapewa kazi nyingine: prosesa ya laptopu tu. Leo laptopu ndiyo kompyuta ya watu wengi, lakini wakati ule ilikuwa kando ya biashara. Mfalme alikuwa kompyuta ya mezani, na laptopu ilikula makombo yake. Mmoja wa walioongoza mradi alikuwa Mooly Eden. Jina la siri la chipu likawa Banias, chemchemi iliyo milima ya Golan, eneo ambalo Israel iliiteka kutoka Syria mwaka 1967.

Swali walilojiuliza Haifa lilikuwa tofauti. Hawakuuliza "tunafikaje kasi kubwa zaidi?" Waliuliza "kila tone la umeme limenunua nini?" Kila kipengele kilichotaka kuingia kwenye chipu kililazimika kulipa nauli yake. Kama kinaongeza kazi kidogo lakini kinakula umeme mwingi, kishuke.

Kwa hiyo walirudi kwenye mtindo wa Pentium III, ule wa mstari mfupi, wakaanza kuurekebisha. Intel haikuwahi kutangaza mstari wa Pentium M una hatua ngapi. Ilisema tu kwamba ni mrefu kuliko wa Pentium III na mfupi kuliko wa Pentium 4. Kisha wakatia bidii kwenye kukisia. Chipu iliweza kutambua kazi ya mzunguko, kwa mfano kitu kinachorudiwa mara 20 kisha kuisha, ikajua mwisho uko wapi badala ya kushtukizwa nao. Kukisia vizuri ni kasi, ndiyo, lakini pia ni umeme ambao haukutupwa. Halafu walifunganisha kazi ndogo mbili zisafiri pamoja kama kifurushi kimoja, zikitenganishwa pale tu inapobidi. Kumbukumbu ya ndani, ile inayoitwa kashe, ilikuwa megabaiti 1, maradufu ya ile ya Pentium 4-M, lakini ilipohitajika, sehemu ndogo tu iliamshwa. Nyumba kubwa, na taa inawashwa kwenye chumba unachoingia.

Kisha kuna jambo ambalo mimi naliona tamu kuliko yote, na hesabu yake ni nyepesi. Umeme unaoliwa na chipu ikifanya kazi unakwenda pamoja na idadi ya mipigo, na pia na volti zikizidishwa kwa zenyewe. Ukipunguza mipigo peke yake, unaokoa kiasi. Ukipunguza na volti pia, unaokoa zaidi kuliko ulivyodhani. Pentium M ya 1.6 ilitumia volti 1.484 ikiwa mbioni. Ikipumzika ilishuka hadi megahezi 600 kwa volti 0.956. Fanya hesabu: mipigo imebaki asilimia 37.5, na volti zikizidishwa kwa zenyewe zimebaki kama asilimia 41. Zidisha hizo mbili, unapata kama asilimia 16. Kwenye karatasi za Intel, joto la juu lilipangwa wati 24.5, na la chini wati 6, kwa sababu kuna umeme unaoliwa hata chipu ikiwa imetulia. Kati ya kilele na chini kulikuwa na ngazi kadhaa, na chipu ilipanda na kushuka kulingana na kazi. Pentium 4-M ilikuwa na ngazi mbili tu: mbio kamili, au gigahezi 1.2.

Na mtu anayeandika insha, nikiwemo mimi ninapoandika hii, hahitaji mbio kamili. Kati ya herufi moja na nyingine prosesa inapiga mamilioni ya mipigo ikingoja kidole changu. Chipu inayojua kungoja bila kula ndiyo inayofanya betri ikae.

Sasa tuziweke kwenye mizani. Majarida yaliyopima Pentium M ya 1.6 mwaka 2003 yaliiona ikienda sambamba na Pentium 4-M ya 2.4, na mara nyingi ikiipita, kwenye kazi za ofisi na programu za kawaida. Gawanya 2.4 kwa 1.6, unapata 1.5. Maana yake, kila mpigo wa chipu ya Haifa ulibeba kazi nusu tena zaidi. Wakati huo huo joto lake la juu lilikuwa asilimia 70 ya lile la mwenzake. Kazi ile ile, umeme pungufu.

Tusimwonee mzee, lakini. Pentium 4 ilikuwa na uwanja wake. Kazi zinazopita moja kwa moja bila njia panda nyingi, kama kubana video, ziliupenda mstari mrefu na saa ya haraka. Mtu wa kuhariri filamu mwaka 2003 angeweza kuichagua Pentium 4 na asilaumiwe. Ndiyo maana sipendi mtu akisema chipu fulani "ni kali" halafu akanyamaza. Kali kwa kazi gani, na kwa gharama ya nani?

Ukitaka kuona tofauti kwa macho, tazama ThinkPad mbili za IBM. T30 ya mwaka 2002 ilikuwa na Pentium 4-M. T40 ya mwaka 2003 ilikuwa na Pentium M. Skrini zote inchi 14.1. Ile ya pili ilikuwa nyembamba na nyepesi, na betri yake ilikaa zaidi. Joto likipungua, shaba inapungua, feni inapungua, mfuko unapumua.

Likabaki tatizo la kuuza. Unamuuziaje mteja 1.6 wakati wewe mwenyewe umemwimbia 3? Jibu la Intel lilikuwa kuficha namba. Walibuni jina Centrino, wakaweka stika, na kampeni ya matangazo iliyoripotiwa kugharimu dola milioni 300. Ili laptopu ipewe stika hiyo ilibidi iwe na vitu vitatu kutoka Intel: Pentium M, chipu zake za kusaidia, na redio ya Wi-Fi. Matangazo yalizungumzia uhuru wa kutembea na kufanya kazi popote. Gigahezi zikawekwa pembeni kama mjomba aliyekunywa akaaibisha harusi. Watu wengi walianza kuzoea Wi-Fi kupitia mashine hizo, na hawakuuliza saa inapiga mara ngapi.

Lakini upande wa mezani mbio ziliendelea. Februari 2004 Intel ilitoa Pentium 4 mpya iliyoitwa Prescott. Mstari wake sasa ulikuwa na hatua 31. Transista zilikuwa milioni 125, zimechorwa kwa nanomita 90, ndogo kuliko za awali. Kwa miaka mingi kanuni ilikuwa hivi: ukipunguza transista, inakuwa ya haraka na inakula umeme mdogo. Robert Dennard wa IBM na wenzake waliieleza hesabu hiyo mwaka 1974, na sekta nzima ilijenga nyumba juu yake. Kwenye nanomita 90 nyumba ikapata ufa. Transista zilikuwa ndogo kiasi kwamba zilivuja, kama mfereji unaodondosha maji hata ukiufunga kwa nguvu zote. Prescott ikawa ya moto kuliko mtangulizi wake, na kwa kazi nyingi haikumpita kwa maana. Toleo la gigahezi 3.8, lililotoka mwishoni mwa mwaka huo, lilipangiwa wati 115. Kuna Prescott zilizowekwa hata kwenye laptopu, zikiwa na wati 88. Linganisha na 24.5 za Banias.

Mei 2004 Intel ilifuta Tejas, chipu iliyokuwa imfuate Prescott. Oktoba ikafuta mpango wa Pentium 4 ya gigahezi 4. Mwezi huo huo, kwenye mkutano wa wataalamu wa teknolojia mjini Orlando, mkuu wa Intel, Craig Barrett, alipiga magoti jukwaani kuomba msamaha. Ilikuwa mzaha, na ukumbi ulicheka. Hata hivyo, gigahezi 4 hazikuja.

Waliookoa jahazi walikuwa wale wa kando. Mei 2004, mwezi ule ule wa kufutwa kwa Tejas, mtoto wa Banias alitoka: jina lake Dothan, nanomita 90 vilevile, kashe megabaiti 2, na joto la wati 21 kwa gigahezi 2.0. Teknolojia ya kiwanda iliyomuunguza Prescott, yeye alitoka nayo akiwa na joto pungufu kuliko babake. Tofauti haikuwa kiwanda. Ilikuwa swali waliloanza nalo.

Juni 2005 Steve Jobs alipotangaza kwamba kompyuta za Mac zinahamia Intel, hakusifu gigahezi. Alizungumza juu ya kazi inayopatikana kwa kila wati. Miaka miwili kabla alikuwa ameahidi Mac ya gigahezi 3 ndani ya mwaka mmoja, na haikufika. PowerPC G5 nayo ilikuwa na joto jingi mno kuingia kwenye laptopu. Mac za kwanza za Intel, Januari 2006, zilikuja na Core Duo, mjukuu wa Banias aliyebuniwa Haifa. Julai mwaka huo ikaja Core 2 Duo, iliyoichukua njia ya Haifa na kuipeleka hadi kwenye mezani. Kwa madai ya Intel yenyewe, ilifanya kazi asilimia 40 zaidi ya Pentium D huku ikila umeme asilimia 40 pungufu. Mstari mrefu ukazikwa. Chipu ya makombo ikarithi meza nzima.

Na zile gigahezi 10? Januari 2023 Intel iliuza chipu ya mezani inayoweza kugusa 6, kwa muda mfupi tu. Karibu miaka 20 tangu 3.8.

Ungedhani Intel wasingesahau somo walilolilipia hivyo. Lakini mwaka 2020 lilirudi likiwa limevaa nguo nyingine. Machi, Apple ilitoa MacBook Air yenye prosesa ya Intel. Novemba, ikatoa MacBook Air nyingine yenye chipu yake yenyewe, M1. Umbo lile lile, betri ile ile ya watisaa 49.9. Kwa vipimo vya Apple, ya Machi iliperuzi mtandao kwa saa 11, na ya Novemba saa 15. Ya Machi ilikuwa na feni. Ya Novemba haina feni kabisa, na bado iliiacha mwenzake mbali kwa kazi. M1 imetoka kwenye ukoo wa chipu za simu, na simu ni mahali pabaya zaidi ya laptopu: betri ndogo, hakuna feni, na iko mfukoni mwako karibu na ngozi. Waliobuniwa kwa shida ndogo ndogo za simu walikuja wakampiga aliyezoea nafasi. Haifa ilikuwa imefanya vivyo hivyo.

Sasa turudi mjini. Siku hizi stika haziandiki gigahezi kwa herufi kubwa. Zinaandika Core i5, Core i7. Mteja anauliza, "Hii ni i5?" Muuzaji anajibu, "Ni i5 kabisa, bro." Na wote wawili hawajasema kitu. Chukua mbili ambazo utazikuta sana kwenye mtumba. Core i5-2520M ya mwaka 2011 ina viini viwili, gigahezi 2.5 za msingi, na wati 35. Core i5-8250U ya mwaka 2017 ina viini vinne, gigahezi 1.6 za msingi, na wati 15. Ukisoma gigahezi peke yake, ya 2011 inaonekana ndiyo simba. Kwa kweli ile ya 2017 inaiacha kwa mbali, na kwa chini ya nusu ya joto. Tazama namba hizo tena: 2.5 dhidi ya 1.6. Ni karibu zile zile za mwaka 2003.

Hili kwangu si la watu wa teknolojia pekee. Mwanafunzi anayenunua laptopu kwa pesa za HELB anainunua mara moja. Akiuziwa namba badala ya kazi, atailipia miaka minne: betri inaisha katikati ya lekcha, feni inavuma maktabani, na stima ikipotea usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi, ana dakika 40 badala ya saa nne. Joto linalotoka pembeni ya laptopu ni token zako zinazogeuka upepo.

Kwa hiyo ukifika kwenye kaunta, acha swali la "i ngapi." Uliza namba yote ya chipu, na herufi yake ya mwisho, kwa sababu hapo ndipo mwaka na wati zinapojificha. Itafute kwenye simu papo hapo. Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Kama ni Windows, fungua ile skrini nyeusi ya amri, andika powercfg /batteryreport, ulinganishe betri ilivyoundwa na ilivyo leo. Kisha chomoa chaja, fungua video, uongee na muuzaji mambo mengine kwa dakika 20, na uweke mkono chini ya mashine.